Pizza Ndogo za Siku ya Posho



Mara nyingi wachungaji wakiandika katika gazeti la jamaa, wanaandika juu ya ndoa, juu ya malezi, juu ya vijana na pombe. Mimi leo nataka kuwafundisha kupika. Najua mama wengine wataanza kucheka mara moja: Pasta na sufuria, walijuana wapi? Chekeni tu. Somo hili lilinifikia kwa njia ya haya, nami nitaanza hapo kwenye haya. Unga na hamira vitakuja nyuma.

Binti yetu wa tatu ana miaka 14. Wakati wa vakansi alikwenda Lubumbashi kwa shangazi yake. Kutoka hapa Kambove mpaka kule, kupitia Likasi, ni karibu kilometa 150, lakini mtoto akirudi utafikiri ametoka ng'ambo. Mtoto wa shangazi alikuwa na siku ya kuzaliwa, wakapelekwa mahali wanapouza pizza. Basi alipofika nyumbani, juma zima hatukusikia habari nyingine. Wadogo zake walikaa kumzunguka kama watu wanaosikiliza redio. Aliwaeleza vile ilivyokuwa ya mviringo, vile nyanya ilivyong'aa juu, na vile fromaji ilivyovutika kama mpira ulipotaka kuuma.

Siku moja jioni alinijia kwa heshima akasema, "Papa, siku yangu ya kuzaliwa ikifika, tunaweza kununua pizza? Hata moja tu, tutagawana."

Nikamwuliza bei. Akaitaja. Ilikaribia nusu ya mfuko wa kilo 25 wa unga wa mahindi. Ninyi mnaoishi kwetu mnajua maana ya mfuko wa unga, na vile bei yake inavyoweza kupanda ghafula mpaka baba anaanza kupita soko kwa njia ya nyuma. Na mchungaji anaishi kwa sadaka ya watu ambao nao wanatafuta unga. Nilikasirika. Kusema kweli, niliukasirikia mfuko wangu mtupu, lakini mfuko hauna uso, na mtoto alikuwa amesimama mbele yangu.

Siku ya yenga iliyofuata nilihubiri Hesabu sura ya 11, habari za Waisraeli waliochoka na mana wakalilia samaki wa Misri, matango, vitunguu na vitunguu saumu. Nilipofika katikati, roho ikanipanda (wala sisemi ilikuwa Roho Mtakatifu) nikasema: "Hata leo wako watoto wa Kambove wanaolilia pizza! Bukari ni chakula cha mababu zetu, nao wanatamani chakula cha wageni!" Watu wakacheka. Sikutaja jina. Lakini Kambove si Kinshasa. Macho yote yaligeuka upande wa kwaya, mstari wa pili.

Hakulia. Aliimba mpaka mwisho. Ila tangu siku ile akawa anakuja mezani, anakula matonge mawili, anasema, "Aksanti, nimeshiba," anasimama. Akiulizwa neno, anajibu. Akitumwa, anakwenda. Hakuna kosa hata moja ambalo baba angeweza kulishika mkononi. Wewe mzazi, kama umewahi kukaa na mtoto mtiifu aliyefunga moyo, unajua kwamba ni heri yule anayepiga kelele.

Majuma matatu yakapita. Usiku mmoja mke wangu aliniambia, bila kupandisha sauti: "Papa, mutoto ulimuhubiria mbele ya batu bote. Sasa unangoja yeye njo akuombe musamaha?"

Sikupata jibu. Mimi ninayewafundisha wazazi Waefeso sura ya 6, pale Paulo anapowakataza baba kuwachokoza watoto wao, niliona mstari ule umesimama mlangoni kama mwenye nyumba anayedai kodi. Katika shule ya Biblia walitufundisha namna ya kuzika, ya kubatiza, ya kufungisha ndoa. Namna ya kumwomba mtoto wako msamaha hawakutufundisha. Nilijaribu mara mbili kuanza maneno, maneno yakageuka mahubiri. Nikaona heri nianze na mikono.

Nikamwambia mke wangu, "Nifundishe kupika ile pizza." Alinitazama muda mrefu. Wakati wa masomo yangu, wake za wanafunzi walikuwa na darasa lao, na mke wa mwalimu wetu mmoja aliwaonyesha namna ya kuchoma mkate bila furu: sufuria kubwa juu ya mbabula, makala chini, makala juu ya mfuniko. Mke wangu hakuisahau kazi ile. Akaniambia, "Pizza si ajabu. Ni mukate bapa, na mboga juu yake. Ile tu."

Tulichagua Jumamosi, siku ya posho kama wazee wetu walivyozoea kuiita, kwa maana ilikuwa siku ya kugawa chakula kwa wafanyakazi wa mgodi.

Sasa sikiliza vizuri, wewe unayetaka kujaribu. Kwa pizza ndogo 12, pima vikombe vinne vya chai vya unga wa ngano, ndiyo nusu kilo. Tia chumvi kijiko kimoja kidogo, sukari kijiko kimoja kidogo, na levire, yaani hamira kavu, vijiko viwili vidogo. Changanya. Tia mafuta vijiko viwili vikubwa, kisha maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo, polepole. Maji yawe ya joto ambalo mtoto mchanga angeoga bila kulia. Yakiwa moto sana hamira inakufa, nawe utangoja mpaka jioni bila kuona kitu. Kanda dakika kumi. Usidanganye hapo. Mimi nilitaka kuacha kwenye dakika ya nne, mke wangu akasema, "Mahubiri yako haiishe upesi vile."

Funika kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo. Kitambaa hiki ni kwa ajili ya vumbi pia. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya malori ya madini tusiache chakula wazi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Basi osha nyanya kwa maji mengi, osha mikono, funika unga. Saa moja inatosha kwa donge kuumuka. Katika miezi ya baridi, wa sita na wa saba, ngoja hata saa mbili, na uliweke karibu na jiko, si juu yake.

Nilikuwa katika kukanda, mikono imejaa unga mpaka viwiko, wakati mzee mmoja wa kanisa alipoingia uwanjani kunitafuta kwa habari ya mazishi. Akasimama. Akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Papa Pasta," akasema kwa sauti ya huruma, "mama eko mugonjwa?"

"Apana, Mzee, eko muzima. Miye njo napika leo."

Alikaa kimya. Niliona kwamba habari hii itafika sokoni kabla yangu. Ndipo nikakumbuka Yohana sura ya 21. Bwana wetu amekwisha kufufuka, ameshinda mauti, mamlaka yote ni yake, na asubuhi ile wanafunzi wanapofika pwani wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Ameupika yeye mwenyewe. Na mmoja wa wale aliowapikia ni Petro, aliyemkana mara tatu kando ya moto mwingine wa makaa. Mara nyingi nimehubiri juu ya "walisha kondoo zangu", lakini sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya kusema neno lile Bwana aliwalisha kwanza. Nikamwambia Mzee habari hiyo. Akawaza kidogo, akavuta kiti, akakaa. Habari ya mazishi tuliizungumza nikiwa nakanda.

Donge likiumuka, ligawe vipande 12, kila kimoja kama yai la kuku. Kandamiza kwa kiganja mpaka kila kipande kiwe na upana wa kiganja cha mtu mzima. Pande za kando ziache nene kidogo.

Mchuzi wa juu: nyanya sita zilizoiva, kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, mafuta kidogo, chumvi. Pika mpaka maji yote yaishe na mchuzi ushike kijiko. Mchuzi wa maji maji utalowesha mkate, utapata kitu kama uji. Juu ya mchuzi weka ulicho nacho: ndakala waliokaangwa, tomson aliyechambuliwa miiba, yai la kuchemsha lililokatwa, na wakati wa mvua uyoga unaouzwa kando ya barabara, kama umekwisha kupikwa. Angalia vile nilivyoaibika tena: samaki, vitunguu, vitunguu saumu. Vyakula vya mahubiri yangu vilikuwa vyote juu ya meza.

Fromaji? Hatukuwa nayo. Ni ghali, na nilihofu kwamba bila yake mtoto atasema si pizza. Baadaye nilijifunza jambo lililonituliza: kule Napoli, mji wa Italia ambako pizza imezaliwa, kuna pizza ya zamani inayoitwa marinara. Ina nyanya, kitunguu saumu, majani ya harufu na mafuta, wala haina fromaji. Ilikuwa chakula cha watu wa chini, kiliuzwa barabarani kwa wafanyakazi wasiokuwa na jiko. Husimuliwa kwamba mwaka 1889 mpishi mmoja, Raffaele Esposito, alimpikia malkia Margherita pizza ya nyanya, fromaji nyeupe na majani ya kijani, ikabaki na jina lake. Na mwaka 2017 UNESCO iliandika ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa watu wote, orodha ile ile iliyoupokea muziki wa rumba ya Kongo mwaka 2021.

Kwa hiyo nilikuwa nimekitukana mimbarini chakula cha maskini wenzangu. Na si hilo tu. Nyanya yenyewe haikuwa ya Waitalia, ilivuka bahari kutoka Amerika katika karne ya 16. Na mahindi je? Nayo yalitoka Amerika. Mababu zetu katika Katanga walikula zaidi mtama, ulezi na muhogo. Ni kambi za migodi na mifuko ya posho iliyotolewa na makampuni ndivyo vilivyofanya unga wa mahindi uwe chakula cha kila siku. Siku ya yenga moja nilisimama nikasahihisha: bukari ni chakula chetu kwa sababu mama zetu walitulisha, lakini si mana iliyoanguka Kambove. Wengine walicheka tena. Safari hii nilikuwa nimekubali.

Lakini nimekimbia mbele. Turudi kwenye mbabula.

Chukua sufuria kubwa nzito. Ndani, chini, weka mawe madogo matatu makavu, juu yake sahani ya chuma iliyopakwa mafuta. Funika kwa mfuniko mzito wa chuma au karai kuukuu lisilo na rangi. Pasha sufuria dakika kumi. Panga pizza tatu au nne katika sahani, funika, weka makala yenye moto juu ya mfuniko. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanamume mwenye haraka, nilijaza makala chini mpaka mbabula ikawa nyekundu, na juu nikaweka vipande vitatu vinne kama sadaka ya mtu mchoyo. Baada ya dakika kumi moshi ukatoka. Nikafunua. Chini ilikuwa nyeusi kama lami, juu bado unga mbichi.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye maombi ya wamama. Nimesimama pale, koleo mkononi, machozi ya moshi machoni, mara nikasikia sauti nyuma yangu.

"Papa, ni nini ile?"

Alikuwa yeye, na ndoo ya maji.

"Ni pizza," nikasema.

Aliinama akaangalia ndani ya sufuria. Kwanza alijizuia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, halafu akacheka, kicheko chenyewe, kile ambacho sikukisikia kwa majuma matatu. Akaweka ndoo chini. "Papa, moto mingi inapaswa kuwa juu, haiko chini. Chini kidogo tu. Uko unachoma tofali?" Akachukua koleo mkononi mwangu, akaondoa makala, akayapanga juu ya mfuniko kwa mviringo kama mtu anayepanga viti. Kumbe mama yake alikuwa amemfundisha zamani, nami sikujua. Katika nyumba yangu mwenyewe sikujua.

Basi liandike: sehemu moja ya makala chini, sehemu mbili juu. Dakika 12 mpaka 15. Usifunuefunue.

Tulikaa juu ya vigoda tukingoja. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilinitoka yote kichwani. Nikasema, "Nilikukosea siku ile kanisani. Hukutamani neno baya. Sikuwa na feza, nikaona haya, nikakutupia wewe haya yangu mbele ya watu. Nisamehe."

Aliangalia mfuniko. Nilidhani hatajibu.

"Watu ya kwaya bananiita Pizza," akasema. "Mpaka leo."

Jambo hilo sikulijua pia. Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Usihubiri juu yangu tena. Hata ikiwa ni neno nzuri." Nikaahidi. Kisha akaruka: "Papa, funua, funua, zinaungua!" Hazikuungua. Kando zilikuwa za rangi ya asali, mchuzi ulikuwa umekauka vizuri, na harufu ilikuwa imekwisha kuwaita wadogo zake, watoto wa jirani wawili, na yule Mzee wa mazishi, aliyerudi akisema amesahau fimbo yake. Fimbo alikuwa nayo mkononi.

Mambo mengine mawili ya hatari, nisije nikaulizwa na Mungu. La kwanza: usiingize mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi kali, hata kwa dakika chache. Hewa ya makala haina harufu, inaua watu waliolala. La pili: vijana wengi wanatengeneza furu kwa pipa lililokatwa. Ni kazi nzuri kama pipa ni safi. Lakini pipa lililobeba dawa za kiwanda, asidi au nyingine, usilipikie chakula hata ukilioshe mara saba kama Naamani. Na bati la nyumba lisiwe mfuniko: lina zinki, moshi wake haufai karibu na mkate.

Siku yake ya kuzaliwa ilifika mwezi uliofuata. Walikuja wenzake tisa wa kwaya, kila mmoja na kitu: huyu nyanya mbili, huyu kitunguu, mmoja alileta kipande cha fromaji kidogo kama sabuni ya hoteli, tukakikwaruza juu ya pizza mbili tu, zikapigiwa kura. Tulitumia unga wa ngano kilo moja, yaani vipimo vyote mara mbili, na bei ya vyote pamoja haikufika bei ya ile pizza moja ya Lubumbashi. Makala ndiyo yaliyokula feza kuliko nilivyofikiri, basi choma zote kwa moto mmoja, usiwashe mara mbili. Wavulana wawili walikanda. Mmoja wao anatoka kwenye mashimo ya madini kila Jumamosi, mikono yake migumu kama koleo, akanda vizuri kuliko wote. Alibeba nne kwa mama yake.

Jina lile la Pizza halijaisha. Ila siku ile nilimsikia yeye mwenyewe akilijibu.

Mtasema, Pasta, uliahidi usihubiri juu yake, na sasa umeandika. Ni kweli. Nilimpa karatasi hizi azisome kabla ya kuzituma. Alikaa nazo usiku mzima. Asubuhi alizirudisha: jina lake amelifuta mahali pawili, kipimo cha maji amekisahihisha, na pembeni, pale nilipoandika kwamba hakulia, ameandika kwa kalamu: "Nililia, lakini nyuma ya kanisa."